Wa Chumba cha Kamera Kubwa

Sfax, 9 Februari 2025

Dada Zulikha,

Barua hii naituma kwa shule uliyokuwa ukifundisha fizikia, nikitumaini pana bawabu anayekukumbuka. Anwani yako ya kompyuta imekufa. Kila nikikuandikia, ujumbe unanirudia. Mimi ni Mongi Triki wa Sfax, yule mliyekuwa mkimwita Burji katika Baraza la Nuru, lile baraza letu la wapiga picha mtandaoni. Miaka minane tulisemezana karibu kila siku, wewe ukiwa mlinzi wa baraza na mimi mmoja wa wakongwe wake, na mwandiko wangu ndiyo kwanza unauona leo. Sauti zetu hata hatuzijui. Kisha ikafuata miaka kumi na mitatu ya kimya.

Unazikumbuka Alhamisi za mashindano? Picha ilikuwa ikishuka mstari kwa mstari, na sisi tunakisia: ni paa, ni uso, ni punda. Ikifika nusu, mtu nyumbani ananyanyua simu, mtandao unakatika, tunaanza upya. Watu mia nne kutoka Maskati hadi Nuakshoti walikuwa wanasubiri punda mmoja amalizike.

Nakumbuka hata vyumba. Mwanzo tulijipanga kwa ujuzi: Wanafunzi, Wanaojitahidi, Mafundi. Kisha mwaka 2006 ikapigwa kura tupangwe kwa vyombo, Kamera Kubwa huku, Kamera Ndogo kule, na chini ya jina la kila mtu liandikwe jina la kamera yake. Wewe ulipinga. Ulisema itakuwa kama harusi ambayo wageni wanakalishwa kwa bei ya viatu vyao. Tulicheka, tukapiga kura, ukashindwa.

Sasa nije kwenye shida yangu. Amenijia binti mmoja anayeitwa Ons, anafanya kazi ya kuhifadhi nyaraka huko Tunis. Baba yake alikuwa mwenzetu barazani, amefariki Oktoba. Kompyuta ya nyumbani kwao iliharibika zamani, na picha alizopiga baba yake zilibaki kwetu tu, na baraza lilifungwa mwaka 2013. Anataka kulifufua lote. Nilimwambia, kabla sijafikiri, kwamba nakala unayo wewe. Na ana mpango: kompyuta isome yale maandishi ya ndani ambayo kamera huyaandika yenyewe katika kila picha, aina ya kamera, siku na saa, kisha ipange picha zote vyumbani upya bila mtu kubishana na mtu.

Ninachokuomba ni kimoja. Ukimpa, mpe nakala iliyofutwa maandishi hayo. Watu wana siri zao, na si vizuri dunia ijue nani alikuwa wapi saa ngapi. Naamini utanielewa.

Ndugu yako,
Mongi Triki

*

Konstantina, 27 Februari 2025

Ndugu Mongi,

Bawabu yupo, ni yule yule. Aliileta barua yako kwa miguu hadi nyumbani, akanywa vikombe viwili vya kahawa akisubiri niifungue. Sikuifungua mbele yake. Nilipoona stempu ya Tunisia nilijua uso wangu utanisaliti.

Alhamisi nazikumbuka. Waya wa simu ulipita jikoni kwa mama, Mungu amrehemu, naye alikuwa akiupanguza vumbi kila Alhamisi asubuhi kwa sababu alisema nina wageni. Theluji ilipotufungia milango mwaka 2005, nilipiga picha ya daraja la kamba likiwa jeupe tupu, na mtu wa Maskati akaniuliza kama theluji inachoma miguu. Niliandika jibu refu kuliko barua hii. Sijui leo nani anamjibu mtu kwa urefu ule.

Lakini tuzungumze. Ni wewe uliyeandika, Machi 2012, mbele ya watu mia nne: "Zulikha ameosha sufuria, na chakula akakimwaga na maji." Nimestaafu, nimesahau majina ya wanafunzi wangu, lakini maneno hayo sijayasahau. Nilifuta maandishi ya ndani ya picha elfu arobaini, mkaniita mzembe, mkasema mwanamke amegusa asichokijua. Wanaoanza barazani walilalamika, na walikuwa na haki, maana walikuwa wakijifunza kwa kuyasoma. Wiki ile ile nikaondoka. Leo wewe uliyekuwa mkali kuliko wote ndiye unayetaka nimwage chakula tena?

Diski ipo, ndani ya kopo la nyuzi za kushonea. Ni nakala ya kabla ya kufuta. Kama bado inazunguka, sijui. Na baba wa huyo binti ni nani? Umeandika habari zake, jina umeliruka. Burji ninayemjua mimi alikuwa hawezi kuitaja hata picha ya ukuta bila kumtaja aliyeipiga.

Zulikha Belamri

*

Sfax, 16 Machi 2025

Dada Zulikha,

Ramadhani njema, wewe na wote walio chini ya dari yako. Funga inanielemea mwaka huu, kwa hiyo nitaandika kidogo.

Baba wa Ons ni Hedi Ghorbel, mwalimu wa useremala kule Mahares. Barazani alijiita Randa. Nadhani unamkumbuka.

Yale ya sufuria yalikuwa maneno ya hasira ya siku ile, na mimi si kijana tena. Lakini ombi langu liko pale pale. Mpe picha, usimpe maandishi. Kwake yeye yana faida gani? Ataona alichokiona baba yake, inatosha. Alikuja tena juzi, nikamwambia posta ya kwenu inachelewa. Tafadhali lifanye hili bila kuniuliza zaidi.

Mongi

*

Konstantina, 2 Aprili 2025

Mongi,

Idi imepita, nimewagawia majirani maandazi ya lozi, sasa nina nafasi.

Nitakueleza kwa nini nilifuta. Mwaka ule mwenzetu wa Bahrain alitoa wazo kama hili la Ons: mtambo usome wenyewe na kumweka kila mtu chumbani kwake. Wote mlikubali, hata wewe. Nikafanya jaribio peke yangu siku ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, huku mama anasinzia kwenye kiti. Mtambo ulipomaliza, majina tisa ya Chumba cha Kamera Kubwa yakatokea kwa rangi nyekundu. Tisa, katika watu sitini. Moja lilikuwa Burji. Picha mia tatu na kumi na saba, zote za kamera ndogo ya mfukoni, ile ya rangi ya fedha ambayo kwetu ilikuwa ikiuzwa sokoni pembeni ya vitunguu.

Nilizifungua tena picha zako, moja moja. Hazikuwa zimeharibika kwa kujua kwangu. Nilikaa nazo hadi mama akaamka.

Ningewaambia nyinyi tisa kwa siri, mngetoweka kwa aibu. Ningenyamaza, mtambo ungewataja mbele ya watu. Basi nikafuta kwa wote, nikasema nimekosea. Nilijua watanisema. Nilitumaini tu kwamba wale tisa watanyamaza. Wanane walinyamaza, Mongi. Wewe uliandika habari za sufuria.

Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimeumia, na nilikuwa na miaka arobaini na nne, na lile baraza ndilo lilikuwa mahali pekee nilipoitwa kwa jina langu bila kuulizwa mume yuko wapi. Ndiyo maana sikurudi.

Kwa hiyo siri za watu tuziweke kando. Kama unachokiogopa ni kamera tu, aibu ya mzee haimalizi wiki, watu watacheka na kuendelea na mambo yao. Lakini unavyoomba si hivyo. Kuna jambo jingine. Nilikuuliza jina la baba wa binti, ukalitoa kama mtu anayetoa jino. Randa namkumbuka vizuri. Niambie kilichotokea.

Zulikha

*

Sfax, 20 Aprili 2025

Dada Zulikha,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu mke wangu Najiba alikaa karibu nami, maana aliona nilivyokuwa. Miaka yote niliamini ni Mungu aliyeuficha uongo wangu kwa mkono wa fundi mzembe. Ya sufuria niliyaandika kwa kuogopa kwamba kimya changu kitaonekana. Samahani. Nimelitafuta neno kubwa zaidi, sina.

Sasa sikiliza la Hedi.

Mlidhani mimi ni mwenye duka la picha. Nilikuwa mwajiriwa. Nilisafisha picha za watu za harusi na za tohara, nikakata pembe, nikatia kwenye bahasha. Dirishani kulikuwa na kamera moja kubwa, ya kuuzwa. Kila asubuhi niliipangusa. Nilijua uzito wake, nilijua sauti yake, nilisoma kitabu chake mpaka kikachanika. Ya kwangu ilikuwa ile ya fedha. Ilipopigwa kura ya vyombo, mafundi wote walihamia Kamera Kubwa, na mimi nilitakiwa kushuka kukaa na wale niliokuwa nikiwasahihisha kila siku. Niliinua macho, ikawa mbele yangu dirishani. Nikaandika jina lake.

Hedi alikuwa Chumba cha Kamera Ndogo, na alikuwa anapiga vitu ambavyo mimi sikuwahi kuvipata. Maranda ya mbao yamejikunja kwenye mwanga wa dirisha. Unyayo wa mtoto wake juu ya benchi. Mwaka 2008 aliniuliza hadharani: "Ustadhi Burji, nikibaki na hiki kidogo changu nitafika?" Watu wengi walikuwa wanasoma. Nikamjibu kwamba kwa kichezeo hafiki mtu popote.

Baada ya miezi miwili aliingia dukani. Nilimjua mara moja, kwa picha alizojipiga na wanafunzi wake. Yeye hakunijua; mimi barazani nilikuwa jina tu. Akaionyesha kamera ya dirishani. Nilipokuwa naishusha akaniuliza kama namfahamu mtu wa hapa Sfax anayeitwa Burji, anayo ya namna hii hii. Nikasema simfahamu.

"Ukikutana naye mpe salamu za seremala wa Mahares," akaniambia. "Wengine wananibembeleza. Yule peke yake ndiye aliyeniambia kweli."

Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba ameuza mizeituni kumi na miwili aliyoachiwa na mama yake. Nikaifunga kamera ile. Nikamwongezea mkanda wa shingoni wa bure. Zulikha, nilikuwa na nafasi ya kusema tangu alipofungua mlango hadi alipoufunga, na nilichosema ni kwamba betri ichajiwe usiku kucha kabla ya kutumiwa.

Akahamia chumba chetu. Picha zake zikawa kama za watu wote: ndege, mwezi, maji yaliyovutwa kuwa ukungu. Akaniuliza anakosa nini. Nikampa namba za kutegea kamera.

Ons akiyasoma maandishi ya ndani, atajua Burji alikuwa na kamera gani siku alipomwambia baba yake maneno yale. Tarehe zipo. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Mongi

*

Konstantina, 4 Mei 2025

Mongi,

Sitamwambia mimi. Wala sitampa diski kabla hujamwambia wewe. Akilikuta mwenyewe ndani ya mtambo, atakuwa amekufumania mafichoni. Akilisikia kwako, hata akikuchukia, utakuwa umemfungulia mlango.

Nimejaribu diski. Inalia kama kinu cha kahawa, lakini inazunguka. Maranda ya Hedi nimeyaona tena, na ule unyayo. Julai mpwa wangu anakwenda Susa, pwani ya kwenu, kuogelea kama nusu ya Aljeria. Atakuwa nayo mfukoni, na Ons atakuja kuichukua kwake ukiniambia kwamba tayari. Usipoandika, atarudi nayo.

Zulikha

*

Sfax, 15 Juni 2025

Dada Zulikha,

Nimemwambia.

Nilimwalika nyumbani siku ya tatu ya Idi Kubwa. Najiba alitengeneza sharubati ya ndimu, akaweka na vitamu vya ufuta, kisha akajifanya ana kazi jikoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Aprili, nikayaanza katikati. Nikamweleza kura, dirisha, jibu nililompa baba yake, na siku alipoingia dukani. Sikuacha mkanda wala betri. Alikuwa ameshika bilauri, hakunywa, hakuiweka chini.

Nilipomaliza nilisubiri anitukane. Aliniuliza: "Siku hiyo alikuwa amevaa nini?"

Nikamwambia koti la buluu la karakana, na mfukoni kulikuwa na penseli bapa ya seremala, na alipotoa noti zilitoka na vumbi la mbao, nikalipangusa kwenye kaunta baada ya yeye kuondoka. Akauliza alikuja na nani. Peke yake, kwa basi. Akauliza kama alikuwa na furaha. Ningeweza kusema hapana, ili nijiadhibu. Nilisema kweli: alikuwa na furaha sana, alikuwa analigusa sanduku la kamera kila mara kana kwamba litamponyoka.

Alilia kidogo, bila sauti. Najiba alitoka jikoni akakaa karibu naye, akamshika bega.

Kisha Ons akaniambia kwamba mizeituni ile iko kando ya barabara, anaipita kila anapokwenda kwao, na imezaa mwaka huu. Mwenye shamba mpya haijali sana. "Siwezi kukuambia kwamba si kitu, mjomba," akasema. "Ni kitu." Baba yake aliisikitikia miaka mitatu, mama yake mpaka leo. Kamera ile kubwa aliiweka kabatini mwaka 2011 na akarudi kwenye ile ndogo, lakini barazani hakupandisha tena picha. Aliona aibu kurudi chumba cha chini. Hilo sikulijua. Nilidhani alichoka.

Akaomba kuiona kamera yangu ya fedha. Nilimletea. Kioo kimepata ukungu na mlango wa betri nimeufunga kwa utepe. Akaigeuza, akaicheka kidogo, cheko la uchovu, akaniuliza ni kweli picha zote zile zimetoka humu. Nikamwambia zote. Alipoondoka hakunipa mkono, alimpa Najiba. Lakini mlangoni aliniuliza ni lini mpwa wako anafika Susa.

Basi mwambie mpwa wako aje nayo. Na maandishi yote ndani.

Mongi

*

Konstantina, 21 Septemba 2025

Kaka Mongi,

Ons amenitumia njia ya kuingilia barazani, na jana nilikaa mezani na miwani mbili, ya kusomea na ya kuonea mbali, nikawa nazibadilisha. Mpwa wangu alisema picha zinatokea haraka sana siku hizi, sitakuwa na muda wa kukisia. Kweli. Nilitamani kukisia kule.

Ameliacha baraza kama lilivyokuwa, hata rangi ile ya kijani mliyokuwa mkiilalamikia. Vyumba ameviacha pia. Nilimwandikia kumwuliza kwa nini, naye akanijibu kwamba kazi yake ni kuhifadhi, si kusahihisha. Ila kila mtu amemweka kule kamera yake ilikosema. Wanane wenzako wako chini nawe. Mmoja ameshaandika, yuko Oran, ana wajukuu, anasema alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu 2006. Wengine hawajasema kitu. Wawili ni marehemu.

Nilifikiri Ons atakuandikia jambo hapo chini ya jina lako, la uchungu au la upole. Hakuandika. Ameweka tarehe tu, na kamera. Lakini kwa kuwa chumba kinapangwa kwa tarehe, picha zako za masika ya 2008 zimekaa pamoja na za Hedi, moja yako, mbili zake, moja yako, hadi wiki aliyonunua ile kubwa. Niliziangalia kwa mfululizo huo. Mlikuwa mkipiga mwanga wa namna moja bila kujua, yeye Mahares, wewe Sfax, saa za asubuhi, kabla ya kazi. Ungekaa naye chumba kile, mngekuwa marafiki. Nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa kukuumiza.

Nimeacha maoni, yangu ya kwanza tangu nilipoondoka, chini ya picha yako moja. Utayaona, lakini nayarudia hapa, maana najua hutaingia kabla ya Najiba kukusukuma. Ni ile ya ufuo wa Chaffar, ya mwaka 2007, yenye wanawake watatu wanaosuuza sufi. Watu hamsini waliisifu, mimi nikiwa mmojawapo. Mongi, mstari wa bahari umeinama. Maji yote yanamwagikia kushoto. Niliuona siku ile ile, nami nina hakika wote hamsini waliuona, lakini mwenye kamera kubwa alikuwa haambiwi.

Inyooshe, uipandishe tena. Nasubiri.

Zulikha